Linki, boljointi, bushi au mauntingi ya shokapu? Kulinganisha kelele ya mbele ya gari kabla hujanunua spea

Gari imetembea miaka mingi, injini bado nzima, gia zinaingia vizuri, ila mbele kuna kitu kinagonga. Ko-ko-ko kwenye barabara mbovu, au ngo moja nzito ukikanyaga breki, au unakata usukani umesimama unasikia kitu kinaruka kule chini ya boneti. Unapeleka kwa fundi anasema shokapu, wa pili anasema linki, wa tatu anashika tairi anaitikisa mara mbili anasema hiyo boljointi, na katika hao watatu hakuna hata mmoja aliyeingia ndani akaiendesha akaisikia. Afu unanunua vyote vitatu na kelele iko palepale.

Mi limenikuta, nitaeleza huko chini, na ndo maana nimekaa kuviweka hivi vitu kimoja kando ya kingine, manake ukivisoma kimoja kimoja vyote vinafanana, kila kifaa wanakwambia "kinagonga kwenye mashimo", sasa hapo umejua nini? Tofauti iko kwenye lini kinagonga na nini kinakinyamazisha. Hilo swali la pili watu wengi hawajiulizi kabisa na kwangu mimi ndo linasaidia kuliko yote.

Kabla hujashuku kitu chochote

Hapa tupite haraka. Kaza nati za tairi kwanza, zote, kwa spana, usiangalie tu kwa macho, nati zilizolegea zinatoa mlio unaofanana na boljointi mbovu na hiyo ni hatari ya leo leo. Fungua boneti utikise betri, betri isiyofungwa vizuri inagonga kwenye matuta na utaapa ni shokapu. Angalia jeki na spana zako zimekaaje, kava la chini ya injini, bati la kuzuia joto la ekzosi, boneti yenyewe kama inafunga kwa kubana. Dakika kumi hazifiki.

Afu kitu kingine, usiamini sikio la dereva kwenye kujua upande. Sauti inasafiri kwenye krosi memba (ile fremu nzito ya chuma chini ya injini) na bodi, unaisikia kulia kumbe iko kushoto. Mwambie mtu atembee pembeni nje huku gari inaenda mwendo wa miguu kwenye vishimo, au shusha vioo upite taratibu kando ya ukuta mrefu, ukuta unakurudishia sauti ya upande ule, kisha geuza gari upitishe upande wa pili. Tofauti utaisikia.

Linki na boljointi

Hawa wawili ndo wanachanganywa kuliko wote kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu kidogo.

Linki ni kile kichuma chembamba kinachounganisha stabilaiza na shokapu au na amu (ule mkono wa chuma unaoshika tairi kwenye chesisi), kina vichwa viwili vyenye gololi ndani, kimoja juu kimoja chini. Stabilaiza ni ile fimbo ya chuma inayovuka gari kutoka upande mmoja hadi mwingine, kazi yake ni kuzuia gari isilale kwenye kona, yaani inafanya kazi pale tairi moja inapopanda na nyingine inabaki chini. Tairi zote mbili zikipanda kwa pamoja stabilaiza inazunguka tu kwenye bushi zake, haijikunji, linki haibebi kitu cha maana. Ukishaelewa hivo basi mlio wake unaueleza mwenyewe: linki mbovu inagonga kwenye barabara ya vishimo vidogo vidogo, mwendo mdogo, tairi zikipanda kwa zamu, mlio mwepesi wa haraka haraka, ko-ko-ko-ko. Ukiongeza mwendo kwenye lami nzuri hausikii kitu.

Boljointi, ile gololi ndani ya kikombe inayounganisha amu na upande wa tairi, haina habari na zamu. Tuta, shimo, breki, kona, popote inapobadilishiwa mzigo inagonga, na mlio wake ni mzito, mara nyingi mmoja mmoja, na mara nyingine unausikia miguuni kwenye sakafu kabla ya masikioni. Inaweza kuja na usukani unaotangatanga kwenye barabara iliyonyooka au tairi inayoliwa upande mmoja.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni la bure. Tafuta tuta moja, lipite moja kwa moja taratibu, tairi zote mbili za mbele zipande pamoja. Rudi ulipite tena kwa mshazari, tairi moja itangulie. Kama inanyamaza au inapungua sana ile mara ya kwanza na inagonga mara ya pili, anza na linki na bushi za stabilaiza. Kama inagonga sawa sawa mara zote mbili, linki ishuke kwenye orodha yako, boljointi, shokapu na mauntingi zipande.

Sasa kwenye kupima kwa mkono ndo watu wanapokosea, na wanakosea kinyume kwa kila kimoja.

Linki ukiinua upande mmoja tu kwa jeki, stabilaiza inajikunja, inaivuta linki inabana, ule ulegevu wote unapotea. Fundi anashika anatikisa, haichezi, anakwambia nzima. Nzima wapi! Linki ipimwe tairi zote zikiwa chini, gari imekaa kwa uzito wake, au zote mbili za mbele zikiwa juu, sio nusu nusu. Mi ninavyofanya: nazima injini, nakata usukani upande mmoja ili nipate nafasi ya kuingiza mkono, nafunga vidole kwenye kichwa cha linki, vingine viwili kwenye chuma cha stabilaiza, afu mdogo wangu akiwa upande wa pili anaisukuma gari kwa bega kwenye nguzo ya mlango, kushoto kulia, kushoto kulia. Linki mbovu haihitaji hata kusikilizwa. Unaihisi kwenye vidole, tk, tk, kama mtu anakugonga kwa kucha, kila gari inapogeuza. Ukiihisi mara moja hutaisahau tena, na linki nzima ukiishika haina hicho kitu, iko kimya kama chuma kimoja.

Na kama bado una mashaka, fungua linki zote mbili, kushoto na kulia, izuie stabilaiza kwa waya isiguse bomba la breki wala mpira wa draivshafti (shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi), uendeshe taratibu barabara ile ile. Gari italala zaidi kwenye kona kwa hiyo ni mwendo mdogo na kwa umbali mfupi tu, sio ya kwenda nayo safari. Ikinyamaza, umeshapata: ni linki au bushi za stabilaiza. Ikiendelea kugonga, umejiokoa kununua linki. Sijaona jaribio jingine linalotoa jibu safi kama hili kwa gharama ya jasho tu.

Boljointi yenyewe inategemea springi ya gari yako imekaa wapi, na hili ni la muhimu sana. Kama springi imezunguka shokapu na kichwa chake kiko juu chini ya boneti, kama zilivyo gari ndogo nyingi, uzito wa gari unapita kwenye shokapu na boljointi ya chini haibebi. Hapo jeki iwekwe kwenye krosi memba au chesisi, tairi ining'inie, stendi chini, ndo ushike tairi juu na chini uitikise ndani nje huku mwenzako ameweka tochi na macho kwenye boljointi. Kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi uinue kidogo, uone kama boljointi inapanda kabla ya amu.

Lakini kama gari yako ina amu mbili, ya juu na ya chini, na springi au toshenba (chuma kirefu kinachojisokota badala ya springi) inasukuma amu ya chini, kama pikapu nyingi za zamani, basi boljointi ya chini ndo inabeba uzito wote. Ukiweka jeki kwenye chesisi, springi inaisukuma amu chini, boljointi inabanwa, utatikisa mpaka kesho haitacheza, na kumbe imekwisha. Hapo jeki lazima ikae chini ya amu yenyewe, karibu na boljointi. Jeki ile ile na mikono ile ile, ila umebadilisha mahali pa kuinulia na jibu linageuka. Nimeona boljointi iliyopewa cheti cha uzima asubuhi kwa jeki ya chesisi, jioni tumeinua kwa amu ikawa inapanda na kushuka wazi wazi.

Tairi ikicheza juu chini usiseme boljointi haraka, inaweza kuwa beringi ya tairi. Mwenzako akanyage breki, utikise tena. Kama ule uchezaji umepotea ilikuwa beringi, kama umebaki ni boljointi.

Sasa ukiniuliza nianze na ipi? Kwa uwezekano, linki, inachoka mapema na mara nyingi. Ila mi nakwambia pima boljointi kwanza, kwa sababu moja tu: linki ikikatika gari italala kwenye kona na kupiga kelele, utafika nyumbani taratibu, boljointi ikichomoka tairi inalala na gari inakaa chini, na mara nyingi inachomoka ukiwa unakata kona au unafunga breki, yaani pale unapoihitaji zaidi. Ukishaona inacheza usiiendeshe hata kwenda gereji, fundi aje ulipo au gari ibebwe. Na ile mpira wake wa kuzuia vumbi ukichanika hata kama bado haijaanza kugonga, ihesabu iko njiani, grisi inatoka, maji na mchanga vinaingia.

Bushi za amu na mauntingi ya injini

Bushi za amu zinaishika amu kwenye chesisi, mauntingi za injini zinaishika injini. Hawa wanafanana kwa sababu wote ni mpira uliochoka na wote wanapiga ngo moja ukiondoka na ngo moja ukisimama. Hapa mashimo hayana neno sana, kinachowaamsha ni kubadilisha mwelekeo wa nguvu.

Njia ya kuwatenganisha: simamisha gari sehemu tambarare, handbreki juu, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu, boneti wazi, mwenzako asimame ubavuni, kamwe sio mbele ya gari, kisha kwa gari ya otomatiki ingiza D, achia sekunde mbili, ingiza R. Tairi hazijasogea, kwa hiyo kinachoruka hapo ni injini. Ikiinuka sana na kugonga, mauntingi. Kwa gari ya manyuo fanya ni kama unataka kuondoka, achia klachi kidogo tu mpaka injini ijivute, afu ukanyage tena.

Jaribio la pili ni kinyume chake, unaiondoa injini kwenye mchezo. Acha gari iteremke yenyewe kwenye mteremko mdogo usio na watu, gia iko nyutro, injini inanguruma ili breki na usukani viwe vyepesi, mwendo wa kutembea, ukanyage breki ghafla kidogo. Injini haivuti kitu hapo, kama ngo bado ipo basi ni bushi za amu au ni kwenye breki zenyewe. Bushi ya nyuma ya amu ya chini ndo inayoumia zaidi kwenye gari nyingi manake ndo inayozuia tairi isirudi nyuma ukifunga breki. Ikiwa imekwisha unaona hata usukani unahama kidogo ukikanyaga, gari inavuta upande kisha inajirudi.

Ukitumia mtaimbo kwenye bushi usishtuke ukiona mpira unasogea, mpira ni wa kusogea. Unachotafuta ni mpasuko uliopenya, mpira ulioachana na chuma, au chuma cha kati kinachofika kugonga chuma cha nje. Vimipasuko vya juujuu gari ya zamani zote zinavyo. Na baadhi ya gari zina bushi zenye maji ndani, hizo ukiona zimevuja weusi wa mafuta pembeni zimeisha hata kama mpira unaonekana mzuri.

Usisahau bolti za krosi memba, hasa kama gari ilishushwa giaboksi au klachi karibuni na kelele ikaanza baada ya hapo. Kaza kwanza kabla ya yote.

Shokapu na mauntingi yake ya juu

Hapa ndo nilipopoteza pesa. Gari yangu ilikuwa inagonga mbele, mlio mzito, matuta yote, moja kwa moja na mshazari, hakuna tofauti. Gereji niliyoipeleka wakasema shokapu zimekwisha, na kweli moja ilikuwa na mafuta yanavuja, sikubishana. Zikabadilishwa mbili mpya. Nikatoka pale nikafika kwenye tuta la kwanza, ngo. Ile ile. Nilirudi wakasema shokapu mpya zinahitaji kuzoea. Shokapu haizoei kwa kugonga, hilo nalijua leo, siku ile nilikubali nikaondoka nayo wiki tatu.

Kilichokuwa kimetokea ni kwamba shokapu mpya zilifungwa na mauntingi za zamani, zile za mpira na chuma zinazokaa juu kabisa, ambapo shokapu inakutana na bodi. Mpira ulishaachana na chuma chake. Tulikuja kuiona kwa njia rahisi mno: boneti wazi, mi nimeweka kiganja juu ya ile nati ya katikati, mwenzangu anaikandamiza gari na kuiachia kwenye kona ya bampa. Kila akikandamiza nati ile inachomoza juu dhidi ya kiganja changu, akiachia inazama na kugonga, wakati upande wa pili nati haikusogea kiasi cha kuiona kwa macho. Sekunde thelathini. Na ili kubadilisha hiyo mauntingi ilibidi shokapu ishushwe tena, springi ikandamizwe tena, kazi yote upya na malipo yote upya.

Kwa hiyo ukilinganisha: shokapu iliyokufa inaonekana kwa gari kuyumba na kuendelea kudunda baada ya tuta, mafuta kwenye mwili wake, tairi kuliwa kwa mabonde mabonde, na kugonga kwake mara nyingi ni kwenye mashimo makubwa pale inapofika mwisho. Kuikandamiza gari na kuhesabu inadunda mara ngapi kunasaidia ikiwa imekufa kabisa, ikidunda zaidi ya mara moja au mbili ujue imekwisha, ila ikitulia sio uhakika kwamba nzima. Mauntingi inagonga hata kwenye vitu vidogo, na zaidi inajitaja kwenye usukani. Simama, kata usukani taratibu mwisho kwa mwisho, kama springi inajisokota afu inajiachia, tung!, au usukani hautaki kurudi wenyewe baada ya kona, ni beringi ya juu ya mauntingi. Weka vidole kwa nje ya springi, juu juu tu, visiingie katikati ya mizunguko, utaihisi inaruka badala ya kuzunguka laini.

Ukiwa hapo tupa tochi kwenye mzunguko wa chini kabisa wa springi na ule wa juu. Springi za gari ya zamani zinakatika nchani kwa kutu, kipande kinabaki palepale kwenye kikombe chake, gari inaonekana haina shida, ila inagonga. Inapitwa na mafundi wengi kwa sababu hakuna anayeangalia.

Uamuzi wangu hapa hauna mashaka: ukibadilisha shokapu, badilisha na mauntingi siku hiyo hiyo, na stopa ya mpira ikiwa imesagika nayo iende. Kinyume chake sio lazima, mauntingi ikifa na shokapu bado nzima badili mauntingi peke yake.

Wanaosahaulika

Tairodi na rekiendi, yaani vile vyuma vinavyotoka kwenye reki ya usukani kwenda kugeuza tairi. Hizi mlio wake unausikia kwenye usukani mkononi. Injini imezimwa lakini usukani haujafungwa, tairi chini, mtu azungushe usukani kidogo kidogo kushoto kulia kama anatikisa mtoto alale, we uangalie chini. Tairodi ya nje unaiona ikicheza. Rekiendi imefichwa ndani ya ule mpira wenye mikunjo, ubonyeze mpira uishike rekiendi kwa nje, utaihisi ikigonga. Hii nayo ni ya usalama, ikichomoka tairi inaenda inakotaka. Reki yenyewe ikilegea bushi zake inagonga kwenye barabara ya vishimo vidogo kama linki kabisa, tofauti ni kwamba linki hauihisi mkononi, reki unaihisi.

Breki pedi. Zikiwa zimelegea kwenye kalipa (kile chuma kinachozibana pedi), au pini za kalipa zimekula, zinatikisika kwenye rafurodi na unaweza kubadilisha nusu ya mbele ya gari bila kuigusa. Dawa ya kuijua: uko kwenye barabara inayokugongesha, gusa breki kidogo sana, mguu tu umelala, bila kupunguza mwendo. Kelele ikikatika papo hapo ukiachia ikarudi, usiguse linki wala boljointi, nenda kwenye kalipa.

Draivshafti. Hiyo sio ya matuta. Inalia tak-tak-tak-tak ukikata kona kali na kuvuta mafuta, na mdundo unafuata mwendo wa tairi, ukiongeza mwendo unaharakisha. Kama mlio wako hauna mdundo huo, iache.

Ukishajua, ununue nini

Boljointi na bushi peke yake au amu nzima? Kwa gari ya zamani mi nachagua amu nzima yenye bushi na boljointi vyake, hasa kama bushi ni za kupigwa presi. Kuchomoa bushi iliyoshikwa na kutu na kuingiza mpya bila presi nzuri watu wanaishia kuipiga nyundo, mpira unaumia kabla haujaanza kazi, au inaingia imegeuka, manake baadhi zina upande maalumu wa kuelekea. Amu nzima ni bolti chache na kazi imeisha. Ila kuna sharti, amu iwe ya ubora wa kuaminika. Amu mpya ya bei ya kutupa yenye boljointi laini ni mbaya kuliko amu yako ya kiwandani iliyowekwa bushi nzuri. Kama amu yako imenyooka, haijala kutu, na boljointi inafungwa kwa bolti, basi badilisha boljointi peke yake, hakuna sababu ya kutupa chuma kizima.

Mpya au iliyotumika? Chochote chenye mpira au gololi usinunue kilichotumika. Umri wa mpira hauonekani kwa macho, na kifaa kilichotoka kwenye gari ya umri kama wa yako kimechoka kama chako. Chuma kitupu kama nakuli (kile kinachobeba tairi) au amu ya kwenda kuwekewa bushi mpya, hiyo sawa ikiwa haijapinda.

Upande mmoja au zote? Linki, shokapu na springi, pande zote mbili. Boljointi, ile mbovu leo na nyingine uipime kwa makini, kama ni za umri mmoja usingoje sana. Tairodi moja inaruhusiwa.

Mwenyewe au fundi? Linki fanya mwenyewe kama una spana na alenki ya kuzuia kile kijiti kisizunguke na nati. Shokapu na mauntingi mpe mwenye vifaa, ile springi iliyokandamizwa ikichomoka inaua, na kuikandamiza kwa kamba au waya ni kitu ambacho sitaki umruhusu mtu yeyote afanye mbele yako. Na kwa kazi yoyote ya chini, jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja, stendi na mawe nyuma ya tairi ndo uingize kichwa.

Kitu cha mwisho ambacho kinawafanya watu waseme spea ni feki wakati tatizo lilikuwa kwenye kufunga: bolti za bushi za amu zisikazwe mwisho tairi ikining'inia. Zifunge kwa mkono, shusha gari ikae kwa uzito wake, au inua amu kwa jeki mpaka kimo cha kawaida, ndo ukaze. Ukizikaza zikiwa zinaning'inia, bushi inabaki imejisokota muda wote gari ikiwa chini na inachanika mapema sana. Baada ya amu, tairodi au shokapu nenda kapime alaimenti, baada ya linki hakuna haja. Afu baada ya siku chache rudi chini na spana uguse kila nati uliyofungua, linki mpya ambayo nati yake imelegea kidogo inagonga sawasawa na ile uliyoitupa, kisha upite tuta lile lile la mwanzo, moja kwa moja na mshazari.